Kaa Laini wa Mfereji wa Rujewa

Benchi letu pale Rujewa liko ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, na siku hiyo, mwaka sabini na nne, halikukalika. Ndalahwa, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka Usukumani, alikuwa ameweka ndoo katikati ya vikombe vya kahawa. Ndani mlikuwa na kaa laini kama ugali wa moto, na kando yake ganda tupu, zima. Nyuma yetu ng'ombe wake walilia kwa kiu, maana alikuwa amekataa katakata wanywe mferejini. Mimi kazi yangu pale ni kunywa na kucheka, ila siku hiyo hata mimi nilisogeza kikombe changu mbali na ndoo.

— Maji yana sumu! alisema Ndalahwa. Kama yanamvua kaa ganda, ng'ombe zangu zitabaki nini? Pembe?

Philbert akaruka. Tunamwita Darubini, kwa sababu aliwahi kuchungulia darubini ya wataalamu wa samaki, mara moja tu.

— Sumu wapi, mzee! Ganda la kaa halikui, kwa hiyo lazima avue. Kabla ya kuvua ananyonya chokaa ya ganda la zamani, anaitia damuni. Humo kuna protini, kazi yake kuikamata chokaa isizurure. Akishavua, anavuta nyingine majini, anajenga upya.

— Protini si zimo kwenye maharage? aliuliza Selestini, ambaye kwa kelele zake tunamwita Redio.

— Ni ndugu zake.

— Mbona mimi nala maharage kila siku na sina ganda?

— Zako zimelala! Ndugu zangu, saruji imeadimika, na kaa anatembea na kiwanda tumboni! Tufuge kaa, tuwakamue protini, tumwage kwenye tope. Nyumba asubuhi ni jiwe!

— Na ng'ombe akinywa maji ya kaa? aliuliza Redio.

— Ataota ganda!

— Weee! Simba wa Ruaha watavunjika meno!

Tulipiga makofi. Ndalahwa peke yake hakucheka.

— Sasa ni sumu au ni dawa? Semeni! Ndama wa mke wangu Helena ameshalala chini pale.

— Jamani! Redio alikuwa ameinamia ndoo. Kaa anakula ganda lake!

— Si niliwaambia! Anarudisha chokaa! Darubini alicheza kabisa.

— Au sumu imempanda kichwani, alisema Ndalahwa.

Hapo akatokea Severina na kapu la mpunga kichwani, anakwenda mashineni.

— Kamwene! alitusalimu. Hao ng'ombe mbona wanalia hivyo?

Tukamweleza wote kwa pamoja, sumu, protini, saruji na simba. Akatua kapu.

— Na hii kahawa, maji mmechota wapi?

Kalinga, muuza kahawa, akautazama mfereji. Tulikuwa kwenye birika la pili. Redio akaanza kujipapasa mgongo taratibu.

Ndalahwa alitazama kikombe chake kitupu, akamtazama ndama. Akashika fimbo, akapiga mluzi, na kundi zima likaporomoka mferejini. Ndama wa Helena alimbeba mwenyewe begani. Ndama alipoanza kunywa, Ndalahwa alipiga yowe la furaha tukashindwa kuisikia mashine. Kisha akarudi kuchukua ndoo, akammwaga kaa majini pamoja na ganda lililobaki.