Emil Hrabovsky, Mshika Fimbo wa Upande wa Wageni

Baba Padri, ndugu, jamaa, majirani wa Tolliver Bend, na ninyi wageni mliovuka daraja kutoka Keener Valley, ambao leo kwa mara ya kwanza mmeketi upande wetu, familia ya Hrabovsky imenituma mimi, Walt Dunleavy, mume wa Marlene binti wa marehemu, niwasomee safari ya mzee wetu, na mjane wake, Mama Rosalie, amenionya nisimchekeshe mtu yeyote kabla sijafika kwenye ndoa, kwa hiyo nivumilieni nijaribu.

Marehemu Emil Hrabovsky alizaliwa Jumanne tarehe 14 Oktoba 1947, hapa hapa Tolliver Bend, Pennsylvania, katika nyumba ya mbao ya Mtaa wa Tatu, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Stefan Hrabovsky, mchimba makaa, na mkewe Ludmila, na inasemekana asubuhi ile ukungu wa mto ulikuwa mzito kiasi kwamba mkunga aliupita mlango, akaingia kwa jirani, akavua koti, akanawa mikono, ndipo akauliza mzazi yuko wapi. Jirani yule alikuwa mjane wa miaka sabini. Samahani, Mama, hiyo imeponyoka.

Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1953 hadi 1961, kisha sekondari ya mji wetu, ambako alihitimu mwezi Juni 1965, na humo katikati kuna jambo ambalo sisi wanawe tulikaa nalo nyumba moja miaka yote hii bila kulijua, nalo ni kwamba Septemba 1964, akiwa na miaka kumi na sita, Emil alikuwa kwotabeki wa timu ya shule, yaani yule mmoja anayeupokea mpira kabla ya wote, anayewaambia wenzake kumi waende wapi, na anayelaumiwa mpaka mvua ikinyesha. Alicheza mechi tatu, zote wakafungwa, na Jumamosi ya nne alipoingia chumba cha kuvalia alikuta jezi yake iko mgongoni mwa mwingine. Hakuna aliyemwambia neno. Alikaa benchi mechi saba zilizobaki, kofia yake ngumu magotini, kama mtu aliyepakata kuku wa kupeleka sokoni.

Kuanzia 1966 hadi 1968 alilitumikia jeshi la nchi hii huko Ujerumani, alikotengeneza malori na kujifunza kuagiza bia kwa lugha ya wenyeji, na aliporudi, Septemba 1968, aliajiriwa kiwanda cha vioo cha kando ya mto kama mkataji, akafanya kazi hiyo hadi kiwanda kilipofungwa Machi 2005. Wenzake wa kiwandani walioko hapa ni mashahidi kwamba Emil alikata kioo kwa jicho tu, na mkaguzi akija na rula akakuta kimepungua unene wa ukucha, Emil alikuwa wa kwanza kusema kioo kile ni kibovu, akakivunja mwenyewe. Alizoea kusema kwamba ukikaa siku nzima unatazama ng'ambo ya kitu ambacho hakionekani, unajifunza kunyamaza.

Sasa tumefika kwenye ndoa. Tarehe 7 Juni 1969, siku ya Jumamosi, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Rosalie Pavlik, aliyemwona mara ya kwanza kupitia kioo alichokuwa amekibeba mtaani, na Mama Rosalie mwenyewe anasema alichokiona yeye ni kioo kikubwa chenye miguu miwili, kikamsalimia, akakijibu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marlene aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1971 na Eugene aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1974, na wajukuu wanne, na miye mkwe, ambaye siku ya kuposa mzee alinipima kwa macho kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akasema, "Amepungua kidogo, lakini atafaa."

Mwaka 1984 marehemu alijitolea kushika fimbo ya mnyororo katika mechi za shule, na kazi hii, isiyo na mshahara wala cheo, ndiyo iliyokuwa maisha yake. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, isipofika mpira huenda kwa wapinzani, na yadi hizo hupimwa kwa mnyororo wenye fimbo ndefu kila ncha, na watu wa mnyororo, ijapokuwa ni wa mji wetu, husimama upande wa wageni, mabegani mwa maadui zetu, na wana sheria zao: hushangilii wala hulaani, na unachokisikia kwenye benchi la wageni unakiacha pale pale kwenye majani. Misimu thelathini na tisa Emil aliwaona watoto wetu kwa macho ya watu waliotaka kuwapiga, akasikia kila siri yao, akarudi nyumbani, akala supu. Uwanja wetu hauna taa, tunacheza Jumamosi mchana, na siku ambazo ukungu wa mto hukataa kuondoka, wachezaji huingia ndani yake na kutoka kama watu wanaoota ndoto ya mtu mwingine, na sisi wa jukwaani tunashangilia sauti tu.

Ndivyo tulivyofika msimu wa arobaini, na ndivyo tulivyofika kwa Micah Tolbert.

Micah, aliyeketi pale mbele na ambaye tafadhali msimgeukie wote kwa pamoja, ana miaka kumi na sita, na mwaka huu alipewa ukwotabeki, na katika mechi tano za kwanza tulifungwa nne. Mji wetu una bunge lake, nalo hukutana kila Alhamisi asubuhi chini ya kanisa hili, kwenye meza ndefu ya kubana pirogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, za kuuza Ijumaa, na mwenyekiti wake ni Bibi Agnes Zelenka, ambaye ni mama yake kocha, kwa hiyo kinachoamuliwa mezani asubuhi humfikia kocha kabla ya chakula cha jioni, kikiwa bado na unga.

"Yule mtoto hawezi kuongoza hata bata kwenda mtoni," alisema Augie Ferrante, kinyozi wetu, "na mto wenyewe uko nyuma ya uwanja."

"Mkono anao, Augie," Bibi Agnes akamjibu. "Wewe una mkono gani? Mwanangu umemnyoa upande mmoja umekwea juu, anaonekana kama anauliza swali."

"Mkono si hoja, Bibi! Sauti! Anaita mchezo kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Wenzake wanaulizana, amesemaje? Muulizeni Emil, yeye anasimama karibu. Emil bwana, anaweza au hawezi?"

"Mimi nashika fimbo," akasema Emil.

"Fimbo gani? Hiyo ni pirogi!"

"Hata hapa nashika fimbo."

Wakacheka, Emil naye akaibana pirogi yake kwa nguvu hadi viazi vikatokea upande wa pili, na Mama Rosalie, aliyekuwa anakanda unga, aliliona hilo akajua kuna kitu, maana katika miaka hamsini na nne ya ndoa hajaona kitu cha mumewe kikivuja.

Wakati huo alikuwa mgonjwa tayari. Mwezi Mei mwaka huu madaktari walimwambia kwamba mapafu yake yamechoka na hayatarudi, wakamkataza kukimbia, kubeba na kusimama kwenye baridi, naye akawashukuru, akaenda kuipaka rangi fimbo yake.

Jumamosi tarehe 28 Oktoba tulicheza na Keener Valley, katika ukungu ambao sijawahi kuuona, jukwaani tulikuwa hatuoni hata viatu vyetu, na kocha alikwisha kusema kwamba baada ya mechi hiyo ataamua kama Micah atacheza ya mwisho, na kama ndiye wa mwakani. Zikiwa zimebaki dakika mbili, tumefungwa kumi na nne kwa kumi, katika jaribio la nne Micah alijitupa mwenyewe na mpira karibu na mstari wao wa mwisho, na mwamuzi akauita mnyororo uletwe katikati. Emil akaingia na fimbo yake. Mnyororo ukavutwa, ukakaza, na mpira ukawa umepungukiwa upana wa kidole.

Kidole kimoja, ndugu zangu, na aliyeishika fimbo ni mtu wetu, na ndani ya ukungu ule, kama angeuegemeza mwili wake kidogo tu nyuma, fimbo ikamfuata, nani angemwona? Lakini Emil aliisimamisha fimbo mahali pake, pumzi ikamwishia, akaanguka chini akiwa bado ameishika wima.

Sisi wa jukwaani tuliona weupe tu, tukasikia filimbi, tukajua tumenyimwa. Augie alipiga kelele, "Si niliwaambia!" nami, nakiri mbele ya jeneza hili, nilimwunga mkono.

Alhamisi tarehe 2 Novemba bunge lilikutana kumwondoa Micah. Emil aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na chupa yake ya hewa pembeni, akaomba apewe unga kama wengine, na Augie alipokuwa anamalizia hoja yake ya tatu, Emil akasema, "Fimbo nimeirudisha jana. Sasa nina mdomo."

Augie akaiacha hoja yake hapo hapo.

"Pale katikati, nilipokuwa chini," akasema, akipumzika kila baada ya maneno machache, "watoto wetu walinizunguka. Wakanipigia kelele, mzee, wewe si wa kwetu? Umetuuza! Mmoja akataka kuing'oa fimbo. Huyu mtoto Micah akaweka mkono wake juu ya fimbo, akasema, 'Mwacheni mzee. Mimi ndiye niliyepungua, si fimbo. Wakipewa mpira tutaupokonya tena. Nifuateni.' Hakupaza sauti. Wote kumi walimfuata. Kisha akarudi peke yake, akaninyanyua, akanipeleka hadi kwenye benchi la wageni, maana ndiko mahali pangu, akaniuliza kama nimeumia."

"Lakini tulifungwa, Emil," akasema Augie, safari hii polepole.

"Mwaka 1964 mlinipa mechi tatu, Augie. Baba yako alikuwa amekaa hapo ulipokaa. Nilikuwa mlangoni nimeleta viazi, nikasikia yote." Akaibana pirogi aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye sinia. "Sikuja kulalamika. Mimi sikujua kama ningeweza kuongoza, na sasa sitajua. Huyu mwacheni ajue."

Bibi Agnes alifuta mikono, akapanda ngazi bila kuvua aproni wala kusema kwaheri, na waliokuwa mtaani walimwona akielekea shuleni, na unga ukidondoka nyuma yake hatua kwa hatua.

Jumamosi tarehe 4 Novemba Emil hakuweza tena kutoka kitandani, Mama Rosalie akamfungulia dirisha linalotazama uwanjani, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama, ukungu ulikuwa umejaa bonde lote kama maziwa kwenye bakuli, na kelele zilipanda mlimani zikiwa zimelowa, mara karibu, mara mbali sana, kana kwamba mechi inachezwa miaka mingi iliyopita. "Nani anaita michezo?" akauliza. Marlene akamwambia, "Ni Micah, baba." Akafumba macho. "Namsikia," akasema, na kutoka pale hadi uwanjani ni robo maili, na yule mtoto, sote tunajua, anaongea kama anayeomba chumvi. Matokeo mnayajua, na kama kuna asiyeyajua amwulize Augie, ambaye tangu siku hiyo anasema yeye alikuwa upande wa Micah kuanzia mechi ya kwanza.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa miezi ambayo hawakuwa wamemwahidi, majirani waliotuletea chakula hadi tukakosa pa kukiweka, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha vioo, waamuzi, na wenzake wa mnyororo. Tunamshukuru kwa namna ya pekee kocha wa Keener Valley, ambaye jana jioni tulipokuwa tunamuaga marehemu alituuliza kama Emil aliwahi kutuambia maneno aliyoyasema yeye kwenye benchi lake siku ya mechi yetu nao, kwamba, "Ombeni Mungu wamtoe yule mtoto, maana wakimwacha, mwakani tumekwisha." Tulimwambia hatujui habari hiyo. Akakaa chini kwenye kiti cha karibu, akavua kofia, akasema, "Alikuwa amesimama hapa, begani kwangu." Neno hilo moja lingemaliza ubishi wote mezani, na Emil, hata fimbo alipokwisha kuirudisha, hakulitumia.

Kutoka hapa hadi makaburini njia ni ya mlima, nayo leo ina ukungu, na vijana sita watakaobeba jeneza hawataona mbele. Anahitajika mtu wa kutangulia na kuwaitia hatua. Mama Rosalie ameshachagua, na hakuuliza maoni ya meza. Micah, mwanangu, simama. Huna haja ya kupaza sauti, sisi ndio tutakaonyamaza.

Emil, mzee wetu, kilichopungua umekisema, na kilichotimia umekiacha kijisemee chenyewe. Pumzika sasa, fimbo tumeipokea.