Ottmar Kessenich Hakuzisifu Picha Zile

Marehemu Ottmar Kessenich alizaliwa tarehe 9 Machi 1866 hapa Milwaukee, kifungua mimba wa fundi viatu Balthasar Kessenich na mkewe Apollonia. Mimi Alois, ninayesoma haya, ni mdogo wake.

Alisoma shule ya parokia hadi baba alipomtoa akashone viatu. Mengine alijifunza kwenye roshani ya juu ya ukumbi wa Wajerumani, ambako watengeneza ngozi walimzomea mwigizaji aliyemeza maneno, naye akarudia sawasawa. Ukumbi ule leo ni sinema. Watu wanatafuna karanga na kukipigia makofi kitambaa cha picha.

Mwaka 1891 aliajiriwa na gazeti moja la mjini, akawa mhakiki wake wa michezo ya jukwaani, muziki na picha za kuchora. Hakupokea tiketi ya bure hata mara moja. Siku hizi wahakiki hulishwa chakula cha jioni kwanza, kisha huandika wakiwa wameshiba.

Mwaka 1898, ukumbini, alikaa nyuma ya kofia yenye manyoya ya mbuni.

"Bibie, nimekuja kutazama mchezo, si kofia yako."

"Basi andika kuhusu kofia," akajibu yule dada bila kugeuka. "Inaushinda mchezo."

Akaandika hivyo hivyo, na ikachapwa. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Juni, alimwoa mwenye kofia, Hedwig Stumpf.

Oktoba 1926 duka kubwa la mjini lilifanya maonyesho ya picha za kuchora. Ottmar aliandika kwamba ni tamu kama jamu na zinachosha upesi kama jamu. Asubuhi gazeti likatoka na jina lake juu ya sifa tupu ambazo hakuziandika. Tulikwenda pamoja kwa mhariri.

"Ottmar, mzee wangu, usiwe mtoto. Wale wenye duka wananunua ukurasa mzima wa matangazo kila Jumapili."

"Wauzie ukurasa. Nani kakwambia uwauzie na jina langu?"

"Nani atakumbuka wiki ijayo?"

"Mimi. Chapa masahihisho, mistari miwili tu."

Hayakuchapwa. Ottmar akaacha kazi siku hiyo. Kwa miaka mingi watu walimshika mkono kwenye tramu: "Hatimaye hata wewe umependa kitu!" Kila mara alirudi nyumbani akanawa mikono.

Alianza kuugua tumbo mwaka jana. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 1936, Hedwig akiwa amemshika. Siku mbili kabla aliniambia, "Alois, watanizika na zile picha."

Hakukosea. Juzi gazeti lilelile lilimwita "mwenzetu mpendwa" na kunukuu sifa zile kama kazi yake bora. Hawana haya hata mbele ya maiti. Shada lao la maua nimelitupa nje ya geti, na anayelitaka akaliokote.

Ameacha mjane wake Hedwig, binti yao Rosina na mumewe, wajukuu wawili, na mimi.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya mjane, mistari yake miwili imechapwa kwenye karatasi hii mliyogawiwa, nayo naisoma mbele yenu nyote:

"Maneno ya kuzisifu picha za Oktoba 1926 si yangu. Picha zile zilikuwa mbaya, na nilisema hivyo."

Nendeni nayo nyumbani. Na yeye alale salama, jina lake likiwa lake.