Mdogo Aanze

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wanafunzi wa chuo na wenzangu wa shule ya jirani, na wewe hasa, mwalimu tunayekuaga leo: wakubwa wote shikamooni, na wenzangu hamjambo.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Ratiba inasema sasa azungumze mwakilishi wa wanafunzi wa chuo, na aliyepanda hapa amevaa sare ya sekondari, tena maikrofoni imebidi ishushwe. Msiwe na wasiwasi, hamjakosea ukumbi. Mimi si mwanafunzi wa chuo hiki, bado. Nasoma shule ya ng'ambo ya barabara, na ni mmoja wetu sisi wachache ambao mwalimu huyu tunayemuaga alituombea ruhusa tuje kila Jumatano kukaa na kaka na dada zetu wa chuo katika Kikundi cha Uongozi na Dunia. Nimesimama wa kwanza kwa sababu ya sheria ya kikundi hicho, ambayo aliiweka yeye mwenyewe: katika kila jambo, mdogo aanze.

Siku ya kwanza nilidhani ni utani. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, tayari kuitikia kwa kichwa. Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, tuanze na wewe." Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimekuja kusikiliza." Akajibu, "Hebu tukusikilize wewe kwanza. Mkubwa akishasema, wadogo hawana tena maoni, wana shingo tu za kuitikia." Basi nikasema kitu, hata sikumbuki nini, na watu wazima kumi na kitu wakanyamaza kunisikiliza. Je, wazazi wangu, mnajua jambo hilo linamfanya nini mtoto? Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyooka mgongo hadi mama akaniuliza kama nimeumia.

Neno lake lilikuwa hilo: hebu. Hebu fikiri. Hebu sema tena. Hebu turudi nyuma. Ndiyo maana kwa siri tunamwita Bi Hebu, na leo ndiyo mara ya kwanza jina hilo kutajwa mbele yake. Naona anacheka. Kumbe alikuwa anajua.

Ndugu wageni waalikwa, wengi mnajua kwamba kikundi hiki huzungumza kwa skrini na wanafunzi wa chuo kimoja cha nchi ya mbali. Labda mnadhani tunaulizana habari za hali ya hewa. Naomba niwasimulie kilichotokea mwaka huu, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kikundi chetu, ambaye tunamwita Kamusi kwa sababu hawezi kusema "mkutano" kama anaweza kusema "kongamano".

Upande wa pili kulikuwa na dada mmoja ambaye akitoka darasani huenda kufanya kazi ghalani, kuchambua nguo zilizokwishavaliwa. Zilizo nzuri hufungwa marobota na kusafirishwa, na sisi huku tunaziita mitumba. Siku hiyo aliingia kwenye skrini akiwa bado na aproni, amechoka. Kamusi, kwa adabu aliyolelewa nayo, akataka kumwambia "pole na kazi". Sote tungesema hivyo. Lakini mazungumzo yetu huwa ni kwa Kiingereza, na Kamusi alipoligeuza neno lile likatoka kama kumwambia, "Tunasikitika kwamba unafanya kazi ya namna hiyo."

 Picha ya yule dada ikazimika. Sisi tukalaumu mtandao.

Wiki iliyofuata hawakutokea. Ulikuja ujumbe mfupi: walidhani wamepata wenzao wa kufanya kazi pamoja, kumbe wamepata watu wa kuwahurumia, kwa hiyo waliomba tuyaache mazungumzo kwa sasa.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wengi, na neno likaharibika vilevile. Chumba kikawaka moto. Dada mmoja anayesomea umeme akasema, "Waachwe tu, wamejiona sana hao." Mwingine akamgeukia mwenyekiti, "Si wewe na Kiingereza chako kilichopigwa pasi!" Kamusi alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kuomba radhi yenye maneno mazito hata bahasha ingechanika. Bi Hebu aliwaacha wakapiga kelele mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Hebu. Mdogo aanze."

Mdogo nilikuwa mimi. Sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na swali tu. Niliuliza, "Kwani wao neno pole wanalo?"

Wakacheka. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, kidogo kidogo, kama mvua inavyokatika. Maana hakuna aliyekuwa amejiuliza. Tulikuwa tumesoma majina ya miji mikubwa, bendera na idadi ya watu wa nchi ile, lakini hatukujua kama wana neno ambalo unaweza kumpa mtu aliyechoka bila kumdharau, bila kukiri kosa, na bila kumwonea huruma. Sisi tunalitumia kama chumvi. Pole na safari, pole na kazi, pole na masomo. Ukiwa nalo tangu utotoni unadhani kila nyumba duniani inalo.

Basi barua ikawekwa kando. Badala ya kuomba radhi kwa kosa ambalo wenzetu wasingelielewa, tuliamua kuwafundisha neno. Kamusi akachukua simu yake, tukazunguka chuo. Tukampiga picha ya video mpishi akimwambia mlinzi "pole na kazi", na mlinzi akijibu "nishapoa, mama." Tukamrekodi Mkuu wa Chuo mwenyewe, ambaye nadhani hakujua, akiwaambia mafundi bomba "poleni jamani". Mwisho tukaenda kwetu, kwa mama yangu, fundi cherehani. Mteja aliingia na furushi kubwa la mapazia, mama akaacha cherehani, akasema "pole na mzigo", na papo hapo akanyoosha mikono akalipokea.

Kamusi akamuuliza, "Mama, mbona umeinuka? Si ungemalizia mshono kwanza?"

Mama akamshangaa. "Baba, pole isiyo na mkono ni kelele. Ukimwambia mtu pole na mzigo, mpokee."

Ilibidi Kamusi azime simu kidogo, alifikirie neno hilo. Nadhani siku hiyo ndiyo alipokuwa mwenyekiti wetu kweli, ingawa kura alishapigiwa zamani.

Tulituma video ile na maelezo machache. Jumatano iliyofuata tulikaa mbele ya skrini tupu. Bi Hebu alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kufutia ubao. Kisha picha ikawaka. Alikuwa yule dada, na aproni yake, na nyuma yake wenzake wamebanana kama picha ya harusi. Akasema, kwa Kiswahili kilichopinda kila pembe, "Poleni na masomo."

Tukaitikia wote kwa pamoja, "Tumeshapoa!" Mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Lakini mama alikuwa ametuachia deni la mkono, na Kamusi hakulisahau. Alimuuliza yule dada kazi yake ikoje hasa. Ndipo tulipojua kwamba kule ghalani makoti yaliyochanika hutupwa yalivyo, pamoja na zipu zake. Na mama yangu, huku, hununua nguo kuukuu ili tu atoe zipu nzuri. Tulitazamana. Upande mmoja wa dunia wanatupa, upande mwingine wanatafuta, na kati yao hakukuwa na mtu wa kuuliza! Yule dada alimwendea msimamizi wake. Alikataliwa. Alirudi na wenzake, wakamwonyesha video ya mama akifumua zipu, tuliyokuwa tumewatumia. Msimamizi akakubali kwamba yaliyochanika lakini yana zipu nzima yafungwe robota la peke yake, kwa majaribio. Sisi tulizungukia mafundi wa mtaa kuuliza wanahitaji zipu za aina gani. Robota la kwanza limeshafika. Zipu ya begi langu hili ilitoka humo.

Waheshimiwa, mimi sijui kama huo ndio uongozi unaoandikwa vitabuni. Sikuona mtu akitoa amri. Niliona watu wakiulizana, wakiona aibu, wakirudi tena. Na kuijua dunia niliona si kujua mambo mengi ya mbali. Ni kujua kwamba hata neno la nyumbani kwenu lina mpaka, na ukifika mpakani unapiga hodi.

Sasa nafika kwenye lililonipandisha hapa. Kwenye mlango wa chumba chetu limebandikwa tangazo. Linasema Bi Hebu akistaafu, chumba kitakuwa stoo ya viti vibovu, na kikundi "kitafikiriwa baadaye". Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ninajua viti havina pa kukaa, na ninajua hukufanya hivyo kwa ubaya. Lakini baadaye ni mbali sana kwa mtu wa umri wangu. Mwakani, Mungu akipenda, nitaingia chuo hiki kusomea ushonaji, na nilichagua hapa kwa sababu ya chumba kile.

Hatukuja mikono mitupu. Mwalimu wa biashara amekubali kutulea. Yule pale, ameinamisha kichwa akidhani nitasahau kumtaja. Na wanafunzi wa useremala wameanza kutengeneza viti hivyo, kila siku baada ya masomo. Kiti kilichotengenezwa hakihitaji stoo, kinahitaji mtu wa kukikalia. Mheshimiwa, hicho ulichokalia sasa hivi ni kimojawapo. Tafadhali usiinuke, kiko imara. Kamusi alikikalia kongamano zima.

Sheria ya Bi Hebu ina sehemu ya pili. Mdogo akishaanza, mkubwa haruhusiwi kukata shauri kabla hajauliza swali moja. Mheshimiwa, mdogo ameshaanza. Utakaposimama, hatukuombi jibu kwanza. Tunaomba swali lako, nasi tutalijibu, wote, hapahapa.

Mwalimu wetu, Bi Hebu. Nilijaribu kuandika maneno ya kwaheri, Kamusi akanipa mengi mazito, nikayarudisha. Nitakuambia lile letu tu. Umebeba kikundi hiki peke yako kwa miaka mingi, na leo umefika mlangoni na furushi. Pole na kazi, mwalimu. Pole na mzigo.

Na kwa kuwa pole isiyo na mkono ni kelele, naomba wanakikundi wote, wa chuo na wa sekondari, msimame mlipo, mnyooshe mikono aione.

Tupe, mwalimu. Tumekupokea.

Asanteni kwa kuniacha nianze, na asanteni kwa kunisikiliza mpaka nimemaliza.