Risala ya Walezi Kuhusu Namba Iliyo Chini ya Chupa

Mgeni rasmi, mkuu wa ofisi ya viwango,

Karibu nyumbani. Tunasema nyumbani kwa kuwa ulilelewa katika chumba hiki hiki, na Bibi Chupa, aliyeketi mstari wa nyuma, bado anasimulia ulivyokuwa unang'ang'ania chuchu ya chupa hata maziwa yakiisha. Usione haya, mheshimiwa, hapa kila mtu alivaa nepi.

TULIKOTOKA

Kituo chetu hulea watoto wachanga wakati mama zao wako kazini. Bibi Chupa ndiye aliyetufundisha kazi: kudondoshea maziwa kwenye kifundo cha mkono kujua joto lake, na kumpigapiga mtoto mgongo mpaka acheue. Hakuna mtoto anayerudi kwao na njaa. Wengine, kama tunavyoona leo, wamenenepa mpaka wamekuwa wakubwa wa ofisi.

LILILOTUSIBU

Chini ya chupa huwa kuna pembetatu ndogo yenye namba. Bibi Chupa aliamini ni miezi ya mtoto. Yenye namba tano akampa wa miezi mitano, yenye saba akampa wa miezi saba, na tukichanganya anatufokea: "Hamna macho? Si wameandika!" Nani angembishia?

Siku moja muuguzi wa kliniki alikuja kutoa chanjo, akageuza chupa, akatuambia taratibu kwamba namba ile ni aina ya plastiki. Akasema baadhi ya zile za namba saba zina kemikali inayoweza kuingia kwenye maziwa, hasa chupa ikichemshwa au ikichakaa. Jamani! Na sisi tulikuwa tunazichemsha mpaka zinatokota, kwa mapenzi.

Bibi aliketi sakafuni. Kama yupo mtoto aliyedhurika hatujui, na muuguzi naye hajui. Ila tangu hapo Bibi hajashika chupa. Anafua nepi, anafagia, anawaimbia watoto akiwa mlangoni. Wakimnyooshea mikono anageuza uso. Tukimbembeleza anasema, "Niacheni, wanangu. Simnyweshi mtoto kwa kitu nisichokijua." Inatuuma sana, maana watoto wanamtaka yeye.

OMBI LETU

Chupa, vikombe na vidude vya kung'atia viandikwe kwa herufi kubwa, kwa lugha tunayoongea jikoni: kimetengenezwa kwa nini, kinafaa maziwa ya moto au hakifai, na kitupwe lini. Anayesoma huwa amembeba mtoto kwa mkono mmoja.

Mezani pako kuna chupa mpya, tumeinunua jana. Tunakuomba uisome kwa sauti, Bibi asikie. Maandishi ni madogo kweli kweli, kwa hiyo miwani yake tumeiweka pembeni. Mtoto unayemsikia akilia ndani ana njaa, na maziwa yako tayari. Ukimhakikishia Bibi kuwa chupa hiyo ni salama, atasimama.

Mungu akupe macho mazuri na wajukuu wenye afya.

Ni sisi, walezi wa Kituo cha Watoto Wachanga, pamoja na yule aliyekunywesha wewe.