Mgongo, Fundi Miwani, Aliyeondoka Zamu Yake Haijaisha

Karatasi hii imepigwa chapa mara nne. Dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye anayeisoma mbele yenu, alipiga chapa mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna hakimu aliyewahi kumrudishia ukurasa zaidi ya mara mbili. Safari hii kila alipotaka kuandika "alikuwa", vidole viliandika "yuko". Mtamwia radhi palipobaki kosa. Jumamosi saa moja asubuhi mdogo wake alikuwa mzima, anapekua uvungu wa kitanda akitafuta kiatu cha kushoto na kumlaumu kila mtu nyumbani. Leo ni Alhamisi na tunamzika. Dada yake haelewi, na hatajifanya anaelewa.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Mgongo, alizaliwa Jumapili tarehe 6 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba namba 14 kwenye kota za wafanyakazi wa idara ya maji. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi bomba na mpishi wa shule, wote wawili sasa marehemu. Mama yao alisimulia mpaka uzeeni kwamba uchungu ulimwanza Ijumaa na mtoto akatoka Jumapili mchana, watu wameshakula na vyombo vimeshaoshwa. "Huyu hata kuzaliwa alisubiri kazi ziishe," alikuwa akisema, na aliyesemwa ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale kota kuanzia 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983. Walimu wake walimkumbuka kwa mwandiko mzuri na kwa jambo jingine ambalo dada yake alilishuhudia kwa macho. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande chake cha uwanja cha kufagia. Marehemu alikaa juu ya ukuta akitangaza mpira, mechi ya kutunga kichwani mwake, wachezaji wa kutunga, refa mwenye kitambi, na chini yake wavulana watatu wakafagia kipande chake huku wamekodoa macho. Mpira ukifika golini alinyamaza. "Ee, halafu?" "Fagieni kwanza pale kwenye majani, ndipo apige." Walifagia.

Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwishoni mwa 1985 katika fani ya kukata na kufunga lenzi. Aliajiriwa miaka tisa kwenye duka kubwa la miwani, na tarehe 1 Februari 1995 akafungua la kwake, lenye upana wa mlango mmoja na nusu, kati ya duka la mikate na duka la fotokopi. Alikaa humo miaka ishirini na tisa, kwenye kiti kimoja, taa imeinamia mikono yake. Alikuwa na mkono mwepesi. Mtu aliingia na fremu iliyokaliwa na mtoto, akatoka nayo imenyooka na yeye mwenyewe anacheka. Siku moja bibi mmoja alivaa miwani yake mpya, akajitazama kwenye kioo, akafoka, "Kumbe nimezeeka hivi na hamkuniambia?" Marehemu aliipokea ile miwani taratibu. "Samahani mama," akasema, "hii ina kasoro. Hebu niirekebishe."

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1992. Mkewe ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na ndiye anayepanga ratiba ya vipindi ya shule nzima mpaka leo. Walijuana kwa sababu mkewe aliikalia miwani yake mwenyewe kwenye chumba cha walimu. Aliirudisha kwenye lile duka kubwa mara tatu ndani ya wiki mbili kwa skrubu ile ile moja, na kama kuna mtu hapa anadhani fundi yule hakujua kukaza skrubu, basi hakumjua marehemu. Walijaliwa watoto wawili. Waliishi miaka karibu thelathini na miwili, yeye akichelewa, mkewe akitazama saa, na dada yake hakuwahi kuitwa hata mara moja kwenda kuwasuluhisha.

Sasa tufike kwenye klabu, kwa sababu huko ndiko tulikompoteza.

Nyuma ya kiwanda cha zamani cha sabuni kuna uwanja mmoja wa tenisi, wa udongo. Kiwanda kilipoacha kuutunza, watu wa mtaa waliopenda mchezo huo waliuomba, wakaunda klabu. Wanachama ni kumi na sita na mtunza uwanja hawana. Kila Jumamosi asubuhi wanne wanashika zamu: wawili wanavuta rola, mmoja anamwagilia na kuchora mistari kwa chokaa, mmoja anazibua mtaro na kuosha choo. Rola lenyewe ni pipa la chuma lililojazwa zege, na waliowahi kulivuta hawalitaji bila kujishika kiuno. Marehemu alijiunga Aprili 2013. Siku ya kwanza alipoonyeshwa rola, alikunja uso, akashika kiuno kabla hajaligusa, akasema, "Jamani, mgongo wangu." Jina likamganda siku hiyo hiyo.

Kwa miaka kumi na mmoja hakulivuta. Sheria ya klabu iliruhusu kubadilishana kazi mkikubaliana, naye alikuwa bingwa wa kukubaliana. Alikaa kwenye benchi na bisibisi yake ndogo, akikaza miwani ya mwenzake, na mwenzake akavuta rola huku anasikiliza hadithi. Hakuna aliyelazimishwa. Nusu ya klabu ilivaa fremu zilizopita mikononi mwake, na uwanja ulikuwa bapa kama meza.

Lakini uchovu nao una kikomo. Kwenye mkutano wa mwaka, Jumapili tarehe 11 Agosti, mwanachama mmoja, fundi cherehani, alisimama. Ni mtu mpole, asiyesema ovyo.

"Mimi tangu mkutano uliopita nimevuta rola mara kumi na moja," akasema. "Naomba katibu wa zamu atusomee, Mgongo amevuta mara ngapi?"

Katibu wa zamu ni mke wa marehemu. Walimchagua wenyewe, ingawa si mwanachama, kwa sababu ya ule ujuzi wake wa ratiba. Alifungua daftari, ingawa jibu alilijua.

"Sifuri," akasema.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Yeye hakucheka. Aliona haya, si kwa ajili ya mumewe tu, bali kwa ajili ya daftari lake, kwamba ameandika haki kwenye karatasi na uwanjani mambo yanakwenda kombo. Akasema kuanzia siku hiyo hakuna kubadilishana. Kila mtu atafanya alichoandikiwa. Halafu, ili pasiwe na mtu wa kusema anampendelea wa nyumbani kwake, alimwandika mumewe wa kwanza kabisa, na akamwandika rola mara tatu mfululizo ili asogee kuwafikia wenzake. Mwenza wake kwenye rola, fundi cherehani. Marehemu alinyanyua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Nimepatikana," akasema, na kicheko kikaanza upya.

Zamu ya kwanza ilikuwa tarehe 17 Agosti, ya pili tarehe 14 Septemba. Alirudi nyumbani amejaa udongo mpaka kwenye nyusi, akaketi jikoni na kuonyesha viganja vyake kwa kila aliyepita. Alimpigia dada yake simu kumweleza habari za malengelenge, dakika ishirini, kama mtu aliyerudi vitani. Dada yake alimwambia aache kudeka, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Maneno hayo angeyarudisha leo kama yangerudishika.

Zamu ya tatu ilikuwa Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024. Alitoka nyumbani saa moja na nusu. Saa tatu kasorobo simu ya mkewe ililia akiwa anaanika nguo. Kabla ya saa nne, hospitalini, daktari alitoka nje akavua glavu zake, na watu waliokuwa kwenye benchi la korido wakajua kabla hajafungua mdomo. Dada yake alidhani wamekosea mtu. Aliwaambia hivyo, kwa sauti kubwa, mara mbili: "Huyo siye. Huyo wetu hafanyi kazi ngumu." Bado anaisikia sauti yake mwenyewe.

Katika wasifu, hapa huwa pana aya ya ugonjwa. Hatuna. Marehemu hakuugua. Daktari alieleza kwamba mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba polepole kwa miaka mingi bila mtu kujua. Dada yake alimuuliza waziwazi, "Ni rola?" Daktari naye alijibu waziwazi. Alisema kifo kingeweza kumkuta akipanda ngazi, kingeweza kumkuta amekaa dukani kwake. Kwamba rola halikuharakisha, hawezi kuapa. "Na mgongo?" dada akauliza, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshavurugika. Daktari alitazama karatasi zake. "Mgongo wake mzima kabisa," akasema. "Hana shida yoyote." Familia iliangua kicheko pale pale koridoni, na wauguzi wakachungulia kuona ni nani hao wanaocheka na kulia kwa pamoja. Miaka kumi na mmoja alilalamikia kilicho kizima, na kilichokuwa kibovu hakikumwambia neno.

Tangu siku hiyo mjane hakukaa na wafiwa. Alikaa jikoni, kwenye kigoda, nyuma ya mlango. Jumapili dada wa marehemu alimfuata huko.

"Wifi, toka ukae na watu."

"Nitakaaje nao? Mimi ndiye niliyemwandika. Mara tatu, wifi. Kwa kalamu yangu. Ningemwandika chokaa, leo tungekuwa tunagombana tu."

Na ukweli usemwe: sebuleni walikuwapo ndugu wawili watatu waliokuwa wakinong'ona maneno hayo hayo, ila bila machozi.

Jumatatu mchana fundi cherehani alifika. Alisimama mlangoni, akakataa kiti. Alisema kama kuna wa kulaumiwa ni yeye aliyesimama mkutanoni. Kisha akaeleza kitu ambacho hakuna aliyekijua, na dada wa marehemu alimvuta mkono mpaka jikoni ili akisemee kule kule.

"Shemeji," akasema, "mvua ilinyesha Ijumaa, udongo ukashika. Tulipofika katikati nikamwambia, Mgongo, tuache, tutasema tumemaliza, nani atakagua? Akakataa. Akaniambia, 'Wewe hujui. Watu wote hawa miaka yote wananicheka, wananiacha nikae. Nilidhani ni mapenzi, kumbe walishanitoa hesabuni. Mke wangu peke yake ndiye aliyeniandika kama mtu anayeweza.' Tukavuta tena. Tulipofika mwisho akageuka, akautazama ule mstari, akasema, 'Huu nimeunyoosha mimi.' Akaketi kwenye mpini. Nikadhani anatania. Unajua alivyo... Nikamwambia, inuka bwana, acha maigizo." Hapo fundi alifuta uso kwa tepu yake ya kupimia. "Nilimshika kichwa, shemeji. Hakuwa peke yake."

Mjane alitoka jikoni, akaja akakaa sebuleni, katikati, mahali pake.

Kwa hiyo dada mkubwa wa marehemu anasema hapa, na ameliweka kwenye chapa ili hata asiyefika alisome: upande wa marehemu hatuna neno na mjane wake, wala na fundi cherehani, wala na klabu. Mwenye neno jingine, na alinong'one kwake.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja ambaye ni fundi umeme, mwana mmoja wa kiume ambaye ni mpishi, wajukuu wawili, dada mmoja, na wanachama kumi na watano wa klabu, ambao tangu Jumamosi hawajacheza hata seti moja.

Jambo la mwisho. Jana dada alipiga chapa orodha ya watakaobeba jeneza: sita kutoka langoni hadi kwenye kona, sita wengine kutoka kona hadi kaburini, ili mzigo ugawanyike sawa. Aliweka wanachama kumi na majirani wawili. Akampa mjane aisome. Mjane aliipitia kama anavyopitia ratiba zake, kwa ncha ya kalamu, jina kwa jina.

"Fundi cherehani yuko wapi?"

"Ameomba asiandikwe. Anasema hastahili."

Mjane aliwafuta wale majirani wawili, mmoja juu na mmoja chini, na katika nafasi zote mbili akaandika fundi cherehani.

"Wifi, umemwandika mara mbili," dada akamwambia. "Kila mtu anabeba mara moja."

"Najua," akasema. "Rola walivuta wawili. Huyu atakwenda naye mpaka mwisho."

Ndiyo maana mtamwona mbele, upande wa kulia, na pale kwenye kona wengine watakapopokezana, yeye hatapokewa. Mungu amjalie mdogo wetu mapumziko ya amani.