Mwalimu, Leo Umeota?

Amani ya Mungu iwe nanyi, na wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mniwie radhi kwa sweta hili. Najua hapa Area D jua linawaka, lakini nimeshuka na basi la asubuhi kutoka milimani, juu ya Kondoa, na huko sweta halivuliwi mapema. Nimeombwa niseme neno kwa sababu baadhi ya vijana wetu wamepangiwa kazi huko huko. Nimelifanyia mazoezi njia nzima, mpaka abiria wa pembeni yangu akahama kiti.

Mnanikumbuka. Ni mimi yule mliyemwombea kazi hadi mkachoka. Mtoto wa Tanga, nimesoma chuo hapa Dodoma, nikadhani baridi naijua. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa sijaijua!

Nilifika kijijini mwezi wa saba. Upepo wa milimani ni mkavu, unapiga tangu alfajiri. Midomo ikapasuka, pua ikatoka damu. Mwingine angesema, "Ni hewa kavu, nijipake mafuta." Mimi nikasema, "Haya, ni ugonjwa wa damu." Nikaziba madirisha kwa khanga, nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikajifungia. Kila nikiamka kichwa kizito kama jiwe, nikasema ni mlima huu, umenikataa. Usingizini nikawa naota niko mbele ya darasa, nimesahau hata jina langu.

Sasa, kila asubuhi mama mwenye nyumba, mumewe na majirani hutandika mkeka kando ya ukuta, upande wa mashariki. Nikipita kwenda shule, mama huuliza, "Mwalimu, leo umeota?"

Nikashtuka. Amejuaje? Kumbe napiga kelele usingizini! Nikajibu, "Hapana, mama," nikakaza mwendo.

Kesho yake tena: "Hujaota tu, mwalimu?" Na mzee, mumewe, akadakia, "Mwacheni, hataki kuota na sisi!" Wakacheka wote.

Kuota na wao? Ndugu zangu, mambo niliyoyawaza siku ile siwezi kuyasema katika nyumba ya Mungu. Nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye miiba. Salamu zikakatika. Nikawa mgonjwa, mpweke, na mwoga wa watu ambao hawajanikosea lolote.

Jumamosi moja nikafunga begi. Kazi mliyoniombea, nikaamua kuiacha. Nikaenda mkekani kurudisha ufunguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Leo umeota?"

Machozi yakanitoka. "Mama, niambie ukweli. Nikiota, huwa napiga kelele?"

Mama akamtazama mzee. Mzee akatazama mawingu. Kisha mama akaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka!

"Jua, mwanangu! Kuota jua! Wewe ulidhani ndoto?"

Kwetu Tanga jua hukimbiwa. Nani alikaa akaliota?

Mzee akafuta macho. "Sisi tulisema mtoto wa pwani kaja na jua lake mfukoni, letu halitaki."

Wakanivuta, nikakaa katikati yao. Ukuta ule ulikuwa umeshapata joto. Ndani ya nyumba kulikuwa na baridi kuliko nje, na mimi ndani ndiko nilikojificha! Nikawaeleza yote: pua, kichwa, jiko. Niliposema jiko, kicheko cha mama kikakatika. Akaingia chumbani kwangu, akalitoa nje, akafungua madirisha.

"Mkaa na madirisha yamezibwa? Ungetufia, mwanangu, na sisi tuko hapa tunakuuliza jua!"

Basi liliondoka bila mimi. Kichwa kilipona.

Basi, ninyi mnaokwenda, bebeni sweta, blanketi zito na mafuta ya kujipaka. Jiko libaki nje. Mwakani, kabla ya mvua, kutakuwa na joto na vumbi, msiseme mmedanganywa. Na sasa mvua zimeanza, korongo likishuka na maji msilivuke, hata kama juu yenu ni kweupe. Mvua imenyesha mlimani. Na neno msilolielewa, ulizeni siku hiyo hiyo. Msilale nalo kama mimi.

Nawashukuru ninyi kwa maombi. Nawashukuru wale wa mkekani, ambao hawakuchoka kuniita hata nilipowapita miibani. Mama amenipa kipande cha shamba, nikapanda mahindi mvua za kwanza. Juzi nilikwenda kuyatazama, yamechomoza mistari mizima. Nikarudi mbio, nikampigia kelele toka mbali, "Mama! Yameota!"

Akaniangalia nilivyojaa matope hadi magotini, akasema, "Na wewe je, mwalimu?"

Safari hii sikufikiri hata kidogo. Nikamjibu, "Nimeota, mama."