Dinamo ya Ézéchiel

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali manne, hapa Bunia, mahali barabara ya Marabo inapoingia mjini. Mama Fifi anauza kahawa ya tangawizi, sisi tunamwaga maneno. Mumewe, Ézéchiel, huenda Komanda kwa baiskeli kuleta mafuta ya mawese, na kila akimaliza mlima humpigia mkewe simu. Tangu Jumanne hajapiga, na leo ni Jumamosi. Ukimtafuta, simu imezimika. Basi asubuhi nzima tulibishana juu ya moto wa simu, yaani chaji, maana lile jambo lingine hakuna aliyetaka kulitamka, na mwoga kuliko wote nilikuwa mimi.

Aliyeanza ni Michel, fundi wa redio, tunayemwita Volti. Yeye ndiye aliyefunga dinamo kwenye gurudumu la nyuma la Ézéchiel, akavuta waya hadi kwenye simu iliyofungwa kwa mpira chini ya kiti. Mwaka mzima ametuchosha kwa sifa: gurudumu likizunguka, simu haifi.

— Kosa ni yangu, alisema. Ile waya niliichomea mubaya. Imekatika kwa njia.

Tukamkodolea macho. Tangu nimjue, Volti hajakubali kosa hata moja. Redio ikitoka kwake imekufa, kosa ni la redio.

— Weye? akauliza Gido, aliyebeba mafuta kwa baiskeli miaka kumi hadi goti likakataa. Weye unasema kazi yako ni mubaya?

— Mubaya sana. Hata mutoto angefanya muzuri.

Mama Fifi akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Hapana, Volti, usijipige bure, akasema Gido. Ni mulima. Simu kwa mulima inatafuta rezo ya mutandao mbali, inachoka. Ya kwangu ilikuwa inakufa kila mara njia ya Nyankunde.

Prefe akakohoa. Jina lake ni Néhémie, aliwahi kuongoza shule, na tangu hapo hajaacha kutufundisha.

— Haraka haraka haina baraka. Kwa mutelemuko gurudumu inazunguka mbio, moto inajaa, kiisha inamwangika chini.

— Moto inamwangika?

— Kama maji kwa bidoni. Ni fizike hiyo, Gido.

— Prefe, weye ulikuwa unafundisha dini!

— Na Mungu hajui fizike?

— Miye nasema ni mawese, akasema Gido. Inaingia mu waya, moto inateleza, haifike kwa simu.

— Ao dinamo inakula nguvu ya mutu, akasema Prefe. Ézéchiel amechoka. Iko analala kwa nyumba ya batu.

— Siku ine? akauliza Mama Fifi.

— Mutu anaweza kulala, Mama Fifi. Usiogope. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Nyamaza na mithali yako! Gido alifoka.

Prefe akainamia kikombe chake. Maskini, alitaka kumfariji.

— Volti, akasema Mama Fifi taratibu. Waya inaweza kukatika? Ya kweli?

— Ya kweli, mama. Imekatika. Nakuambia imekatika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi yule alikuwa anatupa jina lake barabarani ili mwanamke apate kupumua. Nilimpenda siku ile, na nilimwonea huruma.

Mama Fifi akaifuta mikono, akapiga tena.

— Inalia! Jamani, inalia!

Gido alisimama akalisahau goti lake. Na kweli tukaisikia, sauti ya jogoo, ule mlio wa simu ya Ézéchiel tuliokuwa tukiucheka kila siku. Ulikuwa unatoka barabarani. Baiskeli ikatokea, bidoni za njano za mafuta, madigadi nyekundu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Prefe akapaaza sauti.

Lakini aliyekuwa juu ya baiskeli hakuwa Ézéchiel. Akashuka, akavua kofia.

— Jambo yenu. Natoka Marabo. Baiskeli hii tuliikuta mu majani, na mwenyewe pembeni. Masasi ya bunduki ililia kwa njia Jumanne ile. Tulimuzika kwa kanisa yetu, pasta akaomba. Tulijua tu ni mutu ya Bunia. Simu ilikuwa imekufa. Leo nikapanda baiskeli nije kuuliza kwake, na kufika hapa naona simu imeamuka.

Mama Fifi aliketi chini palepale, simu yake ingali sikioni, na jogoo akaendelea kuwika mpaka nilipoitoa ile simu mkononi mwake nikaikata.

Mgeni hakujua aweke wapi mikono. Akashika ule waya chini ya kiti.

— Iko nguvu, hii kazi, akasema. Nani aliitengeneza?

Gido alitazama chini. Siku nyingine yoyote, Volti angejibu kabla swali halijaisha.